Shajara ya mradi: hita ya betri kwa mashine ya vifaranga, Njoro

Jumatatu

Kazi imeanza. Kikundi cha kina mama wafugaji hapa Njoro, Kaunti ya Nakuru, kina mashine ya kuangua vifaranga ambayo ndiyo tegemeo la mapato yao. Ni sanduku la plaiwudi lenye upana na kina cha sentimita 60 na kimo cha sentimita 80, na kuta zake kwa ndani zimebandikwa lile povu jeupe gumu linalokuja na televisheni mpya kwenye katoni. Joto linatoka kwa balbu mbili za wati 60 zinazotumia stima ya kawaida. Kuna feni ndogo, na thamostati iliyowekwa digrii 37.5. Trei zinabeba mayai 200.

Shida ni usiku. Njoro ina baridi, stima hupotea, na yai la kuku linataka joto lilelile kwa siku 21 bila kukatizwa. Kina mama wanasema vifaranga vyao mara nyingi vinachelewa, na vingine vinafia ndani ya ganda. Wamenipa kazi ya kuweka hita ya pili, ya volti 12, itakayoendeshwa na betri na paneli ya sola stima inapokatika. Betri tayari wanayo, ile iliyokuwa ya taa.

Shosho anayesimamia mashine aliniuliza swali moja tu: "Kijana wangu, hicho kidude kitamaliza betri kwa saa ngapi?"

Ndilo swali la mradi mzima, na halijibiwi kwa kusoma maandishi ya kwenye boksi dukani. Linajibiwa kwa vipimo viwili vinavyochukuliwa kifaa kikiwa kazini, pale pale kitakapokaa: volteji na mkondo. Ukigawanya volti kwa ampea unapata ukinzani, yaani jinsi kifaa kinavyouzuia mkondo, kwa omu. Ukizidisha volti kwa ampea unapata nguvu kwa wati.

R = V ÷ I
P = V × I

Yanayobaki yanatokana na hayo mawili. Ukijua ukinzani na volteji, nguvu ni V² ÷ R. Ukijua mkondo na ukinzani, ni I² × R. Mwanagenzi wangu ameyaandika kwenye jalada la daftari lake na ndiyo tutakayofanya nayo kazi hadi mwisho.

Jumanne

Kabla ya kujenga hita mpya nataka kujua ya zamani inatoa joto kiasi gani hasa. Tumeanza na balbu.

Mwanagenzi alitoa balbu moja, akaweka mita kwenye omu, akasoma 68. Akapiga hesabu mwenyewe: 240 kugawanya kwa 68 ni ampea 3.5, mara 240 ni wati zaidi ya 840. Akanitazama. Balbu imeandikwa 60.

Hesabu yake ni sawa, na mita haijadanganya. Ila mita ilipima balbu baridi. Uzi wa balbu ni wa tangsteni, na ukinzani wa tangsteni unapanda sana inapopata moto. Uzi unapowaka una digrii zaidi ya 2,000, na ukinzani wake unakuwa mara kumi na kitu ya ule wa baridi. Kwa balbu ya wati 60 iliyoundwa kwa volti 240, ukinzani wake ikiwaka unapaswa kuwa 240² ÷ 60, yaani omu 960. Ule mkondo mkubwa alioukokotoa upo kweli, lakini kwa kitambo kifupi mno baada ya kubonyeza swichi. Ndiyo maana balbu nyingi hukatika zinapowashwa.

Kwa hiyo tukaipima ikiwaka. Mkondo wa stima ya nyumbani sipendi kuupima kwa kukata waya na kuingiza mita katikati. Ni volti 240 na hapo hakuna nafasi ya kujaribu tena. Natumia mita ya kubana, ile yenye taya linalozunguka waya. Taya lazima lizunguke waya mmoja peke yake. Ukizungusha yote miwili, mkondo wa kwenda na wa kurudi unafutana na mita inasoma sifuri. Balbu ndogo kama hii inasomeka vibaya kwa taya, basi nimetengeneza kipande cha waya kilichotenganishwa na kukizungusha mara kumi ndani ya taya. Mita inaona mkondo mara kumi, nawe unagawanya.

Saa nne usiku: volti 228, mita ikasoma 2.4, yaani ampea 0.24. Nguvu ni 228 × 0.24, karibu wati 55. Ukinzani ni 228 ÷ 0.24, omu 950. Balbu mbili zinatoa wati 110.

Nilikuwa nimepima mapema pia, saa mbili, wakati kijiji kizima kimewasha kila kitu. Volti zilikuwa 205 na mkondo 0.23. Hiyo ni wati 47 kwa balbu, 94 kwa zote mbili, na ukinzani omu 891. Balbu ilipoa kidogo, ukinzani wake ukashuka nao. Wakati huo kina mama wanaamini wana wati 120 ndani ya sanduku.

Jumanne, usiku wa manane

Nimebaki na mashine kwa sababu kuna namba nyingine naitaka: sanduku lenyewe linapoteza joto kwa kasi gani? Thamostati inawasha na kuzima balbu, basi nimekaa na saa na kujumlisha muda ambao balbu zinawaka. Katika saa moja ziliwaka dakika 36. Asilimia 60 ya wati 110 ni wati 66. Chumbani kulikuwa na digrii 14, ndani 37.5, tofauti ni 23.5. Gawanya 66 kwa 23.5 na unapata wati 2.8 kwa kila digrii ya tofauti.

Hiyo 2.8 ni namba yenye thamani kuliko zote nilizozipata hadi sasa, kwa sababu inanipa usiku wowote wa mwaka. Chumba kikishuka hadi digrii 8, tofauti ni 29.5 na sanduku linataka wati 83 ili libaki pale lilipo. Hita ya wati 100 inatosha, na nafasi kidogo inabaki.

Inaeleza pia kwa nini vifaranga vinachelewa. Mayai 200 ya gramu 55 ni kilo 11, na kupandisha kilo 11 za mayai digrii moja kunahitaji takriban kilojuli 35. Stima ikikatika na chumba kikiwa digrii 14, mayai yanapoteza karibu digrii 6 katika saa ya kwanza. Stima inarudi. Tuseme ni Julai, jioni, chumba kina digrii 10: sanduku linahitaji wati 77 kujishikilia tu. Volti zikiwa 228, zinabaki wati 33 za kupasha mayai, na kila digrii inachukua dakika 18. Volti zikiwa 205, zinabaki wati 17, na kila digrii inachukua zaidi ya nusu saa. Kwa digrii 6 hizo ni saa tatu na zaidi za mayai kukaa chini ya joto lake, hata kama taa zinawaka na kila mtu anadhani mambo yametulia.

Nilimwonyesha shosho hesabu hii asubuhi. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa hivyo haikuwa jogoo." Walikuwa wamebadilisha jogoo mwaka jana kwa kudhani mayai hayana mbegu nzuri.

Alhamisi

Waya wa hita. Nimenunua waya wa nikromu wenye kipenyo cha milimita 0.5 mjini Nakuru. Nikromu ni aloi ya nikeli na kromiamu, na Mmarekani Albert Marsh aliipatia hataza mwaka 1906. Imedumu kwenye pasi, jiko la koili na birika kwa sababu tatu: ina ukinzani mkubwa, karibu mara 60 ya shaba, haiozi upesi ikipata moto, na ukinzani wake hubadilika asilimia chache tu kati ya baridi na moto. Hiyo ya tatu ndiyo inayonifaa zaidi. Tofauti na balbu, naweza kuikokotoa mapema na isinigeuke.

Hata hivyo sikupima omu zake kwa mita. Mita yangu nikigusanisha waya zake mbili inasoma 0.3 kabla sijapima chochote. Kwa kitu cha omu 1000 hiyo 0.3 si kitu, lakini mimi nataka hita ya omu moja na nusu hivi. Hapo 0.3 ni kosa la asilimia 20.

Tukatumia mita mbili. Ya kwanza iko kwenye mfululizo na waya, kwenye tundu la ampea 10, inapima mkondo. Ya pili inagusa ncha mbili za waya wenyewe, si ncha za betri, inapima volti. Zote zinasomwa kwa wakati mmoja. Mita ya mkondo nayo ina ukinzani wake na inakula volti kidogo, lakini haidhuru, kwa sababu volti tunazosoma ni zile zinazofika kwenye waya tu. Kipande cha nikromu chenye urefu wa mita moja kilitupa volti 12.3 na ampea 2.2. Ukinzani wake ni omu 5.59.

Mwanagenzi aliona kwamba tukichelewa kusoma, volti zinateremka taratibu kadiri betri inavyofanya kazi, na akauliza kama hesabu bado ni halali. Ni halali mradi usome zote mbili pamoja: volti zikishuka mkondo unashuka nao, na mgao unabaki uleule. Nikamsimulia kwamba swali hilo lilimsumbua Georg Simon Ohm mwenyewe, alipokuwa mwalimu wa shule huko Cologne. Betri za kemikali za zamani zake zilikuwa zinadhoofika katikati ya jaribio na kumharibia vipimo. Mwanafizikia Poggendorff alimshauri atumie jozi ya metali mbili, bismathi na shaba, upande mmoja kwenye maji yanayochemka na mwingine kwenye barafu. Jozi hiyo hutoa volteji ndogo sana, lakini haitikisiki. Kwa chanzo hicho kilichotulia ndipo akauona uhusiano wenyewe, na kitabu chake kikatoka Berlin mwaka 1827. Kijana alifurahi kusikia kwamba alikuwa amegundua tatizo la Ohm kwa macho yake mwenyewe, nami nikafurahi zaidi.

Hesabu ya hita: nataka wati 100 kwa volti 12. R = 12² ÷ 100 = omu 1.44. Mkondo utakuwa ampea 8.3.

Njia fupi ni kukata kipande cha nikromu cha omu 1.44, ambacho ni sentimita 26 hivi. Nimeikataa. Wati 100 kwenye kipande kifupi hivyo kitakuwa chekundu kabisa, na kiko ndani ya sanduku la mbao na povu. Badala yake natumia nyuzi nne sambamba. Kila uzi uwe na omu 5.76, maana nyuzi nne zilizo sawa zikiwekwa sambamba ukinzani wa jumla ni robo ya mmoja. Urefu wa kila uzi ni 5.76 ÷ 5.59, yaani mita 1.03. Kila mmoja utapitisha karibu ampea 2.1 na kutoa wati 25. Joto lilelile, lakini limetawanyika kwenye mita nne za waya, na feni inapuliza katikati.

Tumezisokota nyuzi kwenye vishikizo vya kauri, nyuma yake bati, mbali na povu. Povu hilo linalainika joto likikaribia lile la maji yanayochemka, kwa hiyo nimeongeza fyuzi ya joto ya digrii 72 karibu na hita. Feni ikisimama, hita inakatwa. Kwa mkondo, fyuzi ya ampea 15: betri ikiwa inachajiwa volti zinaweza kufika 13.8, na hapo hita itavuta 13.8 ÷ 1.44, ampea 9.6, na kutoa wati 132. Lazima fyuzi ivumilie hiyo bila kukatika.

Kwa ampea hizo sikutaka kutumia rilei ndogo, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, iliyo ndani ya thamostati. Imeandikwa ampea 10. Tuseme mguso wake umechakaa na una omu 0.05: kwa ampea 8 hapo pana 8² × 0.05, wati 3.2 za joto kwenye kipande cha chuma kisichozidi kichwa cha njiti ya kibiriti. Thamostati inawasha rilei ya gari ya ampea 30, na hiyo ndiyo inayobeba hita.

Ijumaa

Tumefunga hita na kuiwasha kwa betri. Betri iko stoo, upande wa pili wa ukuta na kona, na tayari kulikuwa na kebo ya shaba ya milimita 1.5 za mraba iliyolazwa zamani kwa ajili ya taa, mita sita kutoka stoo hadi kwenye mashine. Nilitaka kuona kebo hiyo inafanya nini kabla sijamwambia mtu yeyote anunue nyingine.

Kwenye betri, kabla ya kuwasha: volti 12.5. Hita ikiwaka, kwenye betri: 12.0. Kwenye hita: 10.9. Mkondo: ampea 7.6.

Tuchambue, maana namba hizi nne zina habari nyingi.

Ukinzani wa hita ni 10.9 ÷ 7.6, omu 1.43. Hita imetoka kama tulivyoikokotoa. Nguvu yake lakini ni 10.9 × 7.6, wati 83. Tulitaka 100.

Kati ya betri na hita zimepotea volti 1.1. Ukinzani wa kebo ni 1.1 ÷ 7.6, karibu omu 0.145. Mtu anaweza kusema hiyo ni sifuri, na mita ya kawaida kwenye omu ingekaribia kusema hivyo. Lakini inakula wati 8.4 na kuzigeuza joto ndani ya ukuta, ambapo halimfai kifaranga yeyote. Hesabu ya kitabuni inakubali: mita sita kwenda na mita sita kurudi ni mita 12, na shaba ya unene huo hutoa kama omu 0.14. Watu wengi husahau safari ya kurudi.

Na ndani ya betri yenyewe zimepotea volti 0.5. Nusu ya volti kwa ampea 7.6 ni omu 0.066 za ukinzani wa ndani. Kwa betri iliyoandikwa ampea-saa 100, yaani ampea mara saa inazoweza kuzitoa, nilitarajia ukinzani mdogo kuliko huo. Imenitia shaka. Nitairudia.

Kwa nini kebo hiyohiyo haikuleta shida ilipokuwa ya taa? Taa mbili za LED za wati 6 zinavuta ampea moja. Ampea moja kwenye omu 0.145 inapoteza volti 0.145 na wati 0.145. Mkondo ukipanda mara 7.6, hasara inapanda mara 58, kwa sababu ni mkondo mara mkondo. James Prescott Joule alilionyesha hilo huko Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1840 kwa kuzamisha waya kwenye maji na kupima joto: mkondo ukiwa maradufu, joto ni mara nne. Kwa sababu hiyohiyo laini ya umeme ya Olkaria hadi Kisumu kupitia Lessos imejengwa kwa kilovolti 220. Volti zikiwa nyingi, nguvu ileile inasafiri kwa mkondo mdogo. Wati 100 kwa volti 240 ni ampea 0.42 tu, na kwenye kebo yetu zingepoteza wati 0.03.

Volti 12 hazina anasa hiyo. Tiba ni kebo fupi na nene. Shosho alisema betri ihamie kwenye mashine; nikamwomba isiingie chumba chenye rilei na mayai, kwa sababu betri ya asidi hutoa gesi ya haidrojeni inapochajiwa na cheche moja inatosha kuleta balaa. Kina mama wamejenga rafu yenye kiezeko na matundu ya hewa nje ya ukuta, mgongoni mwa mashine. Umbali sasa ni mita moja na nusu, na kebo ni ya milimita 6 za mraba.

Vipimo vipya: betri 12.0, hita 11.8, mkondo 8.2. Hita inatoa wati 97. Kebo na viungio vyake vinakula wati 1.6. Nimeridhika.

Jumatatu, wiki ya pili

Paneli. Imeandikwa wati 200, na nyuma yake pana volti 18 na ampea 11.1, ambazo ukizizidisha zinatoa 200 kweli. Saa saba mchana, jua kali, mbingu safi, nilipima upande wa betri: volti 13.4, ampea 10.6. Hiyo ni wati 142.

Mwenye duka hakumpunja mtu. Wati 200 ni za maabara, kwa mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba na seli zikiwa na digrii 25. Mkondo tunaoupata uko karibu sana na ule ulioandikwa. Kilichopotea ni volti. Kontrola ya chaji iliyopo ni ya aina ya bei nafuu, inayounganisha paneli moja kwa moja na betri na kuikatiza-katiza, kwa hiyo paneli inalazimika kufanya kazi kwa volti za betri, si 18 zake. Kontrola ya aina ile nyingine, inayobadilisha volti za ziada kuwa mkondo, ingerudisha sehemu kubwa. Ni ghali, na sitaipendekeza kabla ya kujua kama inahitajika.

Kwa saa tano za jua zuri, 142 mara 5 ni wati-saa 710. Nikitoa moja kwa tano inayopotea katika kuchaji betri, zinabaki 570 hivi.

Jumatano usiku

Jaribio la kweli. Balbu zimezimwa kwa swichi, mashine inategemea betri pekee. Badala ya mayai tumeweka chupa za maji. Chumba kina digrii 12.

Kwa hesabu yangu, tofauti ya 25.5 mara 2.8 ni wati 71, na feni inavuta ampea 0.2, wati 2.4. Jumla 74 hivi, wastani wa ampea 6.2 kutoka kwa betri. Hita iliwaka asilimia 73 ya muda na joto likatulia kwenye 37.5, kwa hiyo upande wa hita ni kama ilivyopangwa.

Betri ndiyo iliyojieleza. Ingekuwa na ampea-saa 100, na tukitumia nusu tu ili isife mapema, tungepata 50, yaani saa nane. Baada ya saa tano volti chini ya mzigo zilikuwa zimefika 11.6, nikasimamisha. Saa tano mara 6.2 ni ampea-saa 31. Ule ukinzani wa ndani wa Ijumaa ulikuwa unasema ukweli: betri imechoka.

Asubuhi nilimpa shosho jibu la swali lake. "Saa tano, shosho. Usiku wa baridi kuliko huu, pungufu ya hapo."

"Na stima ikikatika saa tatu?"

"Saa nane usiku betri imeisha."

Mmoja wa kina mama aliuliza bei ya betri mpya. Nikamjibu, lakini nikaomba wasinunue kwanza. Kuna njia mbili za kurefusha muda: betri kubwa, au sanduku linalopoteza joto kidogo. Ile 2.8 haikuandikwa na Mungu. Povu lililopo ni la sentimita mbili na nusu tu, na mlango haukai vizuri.

Jumamosi

Kina mama wamebandika povu la pili la unene uleule kwa nje ya sanduku, kisha magunia na plaiwudi nyembamba. Mlango umewekewa mpira wa kuziba. Matundu ya hewa nimesimamia mwenyewe yasiguswe, kwa sababu kiinitete kinapumua kupitia ganda na hewa lazima iingie.

Usiku tukapima tena. Chumba digrii 12 kama juzi. Safari hii hita iliwaka nusu ya muda. Nusu ya wati 97 ni 48.5, gawanya kwa 25.5: wati 1.9 kwa digrii. Ilikuwa 2.8.

Pamoja na feni ni wati 51, ampea 4.2 au 4.3. Betri ileile iliyochoka, yenye ampea-saa 31 za kutumika, sasa inabeba mashine kwa zaidi ya saa saba. Kwa saa saba ni wati-saa 357, na paneli inarudisha 570 kwa siku nzuri. Kontrola ghali haihitajiki.

Na upande wa stima, kwa siku 21: zamani wati 66 mara saa 24 mara 21 zilikuwa uniti 33. Sasa kwa usiku kama ule ingekuwa wati 45, uniti 23. Shosho aliniomba niiandike hiyo ukutani kwa chaki, karibu na ratiba ya kugeuza mayai.

Jumapili

Yaliyobaki ni madogo. Rilei inayohamisha mashine kutoka stima hadi betri imefungwa na inajibu vizuri; nimewaonyesha wawili jinsi ya kuijaribu kwa kuzima swichi kuu. Nimewaachia mita moja na daftari. Kila Jumamosi watasoma volti za betri kabla ya kuwasha hita na baada ya kuwasha, na mkondo. Tofauti ya hizo volti mbili ikigawanywa kwa mkondo itawaonyesha betri inavyoendelea kuzeeka. Ikivuka omu 0.1 wanipigie simu. Na volti za kwenye hita zikigawanywa kwa mkondo zibaki karibu na 1.44. Zikipanda ghafla hadi 1.9, uzi mmoja kati ya ile minne umekatika, maana nyuzi tatu za omu 5.76 zikiwa sambamba zinatoa 1.92, na nguvu itakuwa imeshuka kwa robo.

Mwanagenzi ndiye aliyewafundisha, mimi nikakaa nje. Mayai yanaingia kesho.